Hedifoni za bei kubwa: ubaki nazo au uzirudishe?

Hedifoni zisizo na waya za daraja la juu siku hizi zinauzwa kwa bei ya simu nzuri. Sony WH-1000XM4 zilipoingia sokoni mwaka 2020 ziliuzwa Marekani kwa takriban dola 350. WH-1000XM5 za mwaka 2022 zikapanda hadi dola 400, na WH-1000XM6 za mwaka 2025 zikafika dola 450. AirPods Max za kampuni ya Apple, zilizotoka Desemba 2020, zilianza kwa dola 549. Kwa familia nyingi, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Mtu akishalipa fedha kama hizo, siku ya kwanza huwa ni ya furaha tupu. Huvaa, huweka wimbo anaoupenda, husikia besi ikigonga na kuridhika. Mashaka huja baadaye: kichwa kinauma baada ya saa moja, anayepigiwa simu analalamika hasikii vizuri, au anajikuta ameanza tena kutumia zile za zamani zenye waya. Wakati huo mara nyingi muda wa kuzirudisha umeshapita.

Katika makala hii tunaeleza mambo ya kupima katika siku za mwanzo, na yapi yapewe uzito zaidi. Kanuni tunayoipendekeza ni moja: amua kwa kuangalia yale yasiyoweza kurekebishwa. Besi ikizidi unaweza kuipunguza kwenye simu. Uzito wa hedifoni hauwezi kuupunguza.

Kwanza, ujue una siku ngapi

Aliyenunua mtandaoni akiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya ana siku 14 tangu apokee mzigo za kubadili mawazo, bila kulazimika kutoa sababu. Uingereza ina utaratibu kama huo kupitia kanuni za mwaka 2013. Unaruhusiwa kujaribu bidhaa kama ambavyo ungeijaribu dukani. Ukiitumia kupita kiasi hicho ikachakaa, muuzaji anaweza kukata sehemu ya fedha. Kwa hiyo tunza boksi, nailoni, waya na kila kipande kilichokuja nacho, na usizibebe hedifoni kwenye begi bila mfuko wake.

Baadhi ya wauzaji hukataa kupokea bidhaa iliyofunguliwa kwa hoja ya usafi. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata godoro lililotolewa kwenye nailoni yake linaweza kurudishwa, kwa kuwa linaweza kusafishwa na kuuzwa tena. Hedifoni za kufunika sikio ziko katika nafasi nzuri kwa hoja hiyo. Zile ndogo za kuingiza ndani ya sikio ndizo zenye mvutano zaidi, hivyo soma masharti kabla ya kufungua boksi.

Hali ni tofauti kwa anayenunua dukani. Kubadili mawazo tu hakukupi haki ya moja kwa moja. Inategemea utaratibu wa duka. Kwetu Afrika Mashariki maneno “mali ikishauzwa hairudishwi” yamechapwa kwenye risiti nyingi. Lakini maneno hayo hayafuti sheria. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya Kenya ya mwaka 2012 zinamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu au aliyedanganywa kuhusu ubora wake. Ila kama kitu ni kizima na wewe ndiye hukipendi, makubaliano yenu ndiyo sheria. Muulize muuzaji kabla ya kutoa fedha: nikizijaribu siku 3 zisinifae, utazipokea? Akikubali, aandike kwenye risiti.

Kuna pia wale wanaoletewa na ndugu aliye ughaibuni. Mzigo hufika baada ya wiki kadhaa, siku 14 zimeshayoyoma, na waranti mara nyingi inafanya kazi katika nchi zilikonunuliwa tu. Katika hali hiyo ni bora ndugu huyo azivae mwenyewe kwa siku moja au mbili kabla ya kuzituma, ahakikishe pande zote zinalia, vitufe vinafanya kazi na chaji inaingia.

Kichwa kwanza, muziki baadaye

Jambo la kwanza kupima ni kama unaweza kukaa nazo. WH-1000XM5 zina uzito wa gramu 250. AirPods Max zina gramu 385 hivi. Tofauti hiyo dukani huioni, lakini baada ya saa mbili utosi na shingo vitakueleza. Zivae kwa saa mbili mfululizo ukiwa unafanya kazi zako za kawaida, si ukiwa umekaa unazisikiliza. Ukijikuta unazisogeza kila baada ya dakika chache, huo ni ushahidi.

Jambo la pili ni jinsi sponji zinavyoziba sikio. Hedifoni zinazofunika sikio hutegemea mzibo huo kwa mambo mawili: kuhifadhi besi na kuzuia kelele. Penye mwanya, vyote viwili vinavuja. Miti ya miwani huacha mwanya. Vivyo hivyo nywele za kusuka, rasta nene, hijabu au kofia. Wasomaji wetu wanaovaa hijabu au miwani wazijaribu hivyo hivyo wanavyovaa kila siku. Jaribio ni rahisi: washa wimbo wenye besi, kisha bonyeza sponji taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, basi mzibo wako haujakamilika.

Jambo la tatu ni joto. Sponji za ngozi bandia hazipitishi hewa. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, masikio yatatoa jasho ndani ya nusu saa. Anayeishi Arusha au Nairobi anaweza asilione tatizo hilo kabisa. Wapimaji wa Ulaya wanaosifu ulaini wa sponji wanaandika wakiwa katika hali ya hewa yao, nawe utavaa katika ya kwako.

Kuzima kelele kunafanya nini hasa

Wengi hulipa bei kubwa kwa ajili ya uwezo wa kuzima kelele. Wazo lenyewe si jipya. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza Marekani mwaka 1936 kwa mbinu ya kufuta sauti kwa sauti nyingine iliyo kinyume chake. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alilifikiria upya mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich. Mwaka 1989 kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani, na mwaka 2000 zikafuata QuietComfort za abiria wa kawaida.

Maikrofoni ndogo zilizo kwenye hedifoni husikiliza kelele ya nje. Saketi ya ndani hutengeneza wimbi lililogeuzwa, na mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Mbinu hii hufanya kazi vizuri kwa sauti nzito zinazoendelea bila kubadilika: injini ya ndege, muungurumo wa basi, jenereta, feni, kiyoyozi. Haiwezi kushughulika sawasawa na sauti zinazobadilika haraka. Ndani ya daladala, mlio wa injini utapungua sana, lakini kondakta akipiga kelele ya “Posta, Posta!” utamsikia. Mtoto akilia chumba cha pili utamsikia pia.

Hiyo si hitilafu. Kwa hiyo jiulize ni kelele ipi inayokusumbua. Kama unasafiri mara kwa mara kwa basi au ndege, au unafanya kazi karibu na jenereta, uwezo huu unaweza kubadili siku yako. Kama kinachokusumbua ni mazungumzo ya wenzako ofisini, tegemea nafuu, usitegemee ukimya. Zijaribu mahali penyewe penye kelele, si sebuleni.

Watu wachache huhisi mgandamizo masikioni au kizunguzungu chepesi wanapowasha uwezo huo. Ukiwa mmoja wao, na hali hiyo haiishi baada ya siku chache, rudisha. Usilipie kitu utakachokuwa unakizima kila siku. Na barabarani, kwa mwenda kwa miguu au mwendesha bodaboda, kutosikia honi ni hatari ya maisha. Huko zivue.

Sauti nzuri haina bei moja

Wahenga wamesema rahisi ghali. Hawakusema kwamba kila ghali ni bora. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 katika jarida la Chama cha Akustika cha Marekani. Hakukuta uhusiano kati ya bei na jinsi hedifoni zinavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba. Bei hulipia vitu vingi: malighafi, kuzima kelele, jina, boksi. Mgawanyo wa sauti ni kimojawapo tu.

Ndiyo maana tunasema sauti isiwe ya kwanza katika uamuzi. Kwanza, sikio huizoea; kilichoonekana kigeni Jumatatu kinaweza kuwa cha kawaida Ijumaa. Pili, nyingi za hedifoni hizi zina programu ya simu yenye ikwalaiza. Besi ikifunika sauti ya mwimbaji, ishushe kidogo kisha usikilize tena kwa siku mbili. Kama hata baada ya hapo taarabu inasikika kama imepigwa ndani ya pipa, au sauti ya mtangazaji ina “s” zinazochoma, basi umepata sababu halali ya kuzirudisha.

Zilinganishe na zile ulizokuwa nazo, kwa wimbo uleule na kwa ukubwa uleule wa sauti. Hili la ukubwa ni muhimu, kwani zenye sauti kubwa kidogo karibu kila mara huonekana bora hata kama si bora. Tumia pia mazungumzo, si muziki pekee. Anayesikiliza zaidi habari, mawaidha na podikasti atapata faida ndogo kutoka kwenye hedifoni za dola 400 kuliko anayesikiliza okestra. Kwake yeye, kuzima kelele na kukaa vizuri kichwani vina thamani kubwa zaidi.

Je, simu yako inaelewana nazo?

Sauti inayopita kwa Bluetooth hubanwa kwanza, kisha hufunguliwa ndani ya hedifoni. Njia ya kuibana huitwa kodeki. SBC ndiyo ya msingi, ipo kwenye hedifoni na simu zote za aina hii. Simu za iPhone hutumia AAC. Sony ilibuni LDAC, inayoweza kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde, nayo imekuwa ndani ya mfumo wa Android tangu toleo la 8 la mwaka 2017. CD ya kawaida hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, hivyo hata LDAC inabana.

Maana yake kwa mnunuzi ni nyepesi. Kama unatumia iPhone, neno LDAC lililoandikwa kwenye boksi halikuongezei kitu, kwa sababu simu yako haina kodeki hiyo. Usilipie uwezo ambao simu yako haiwezi kuutumia.

Kuna mambo mengine manne ya kupima:

Simu na mikutano. Maikrofoni ya hedifoni ikiwashwa, Bluetooth ya kawaida huhamia kwenye hali ya maongezi, na sauti unayosikia hushuka ubora. Hilo ni la kawaida. La kupima ni jinsi wewe unavyosikika. Jirekodi ukiwa kando ya barabara, mtumie rafiki, umwombe aseme ukweli.

Ucheleweshaji. Sauti ya Bluetooth hufika baada ya kuchelewa kidogo. Programu nyingi za video hurekebisha hilo zenyewe, lakini michezo ya simu na vinanda vya kompyuta havirekebishi. Hii ndiyo sababu studio za redio zingali na waya: mtangazaji hawezi kuzungumza huku akijisikia kwa kuchelewa. Sony MDR-7506, hedifoni za waya zilizotoka mwaka 1991, bado zinaonekana katika studio nyingi duniani.

Vifaa viwili. Kama unatumia simu na kompyuta, hakikisha hedifoni zinaunganishwa na vyote viwili kwa pamoja, na kwamba simu ikiita zinahama bila usumbufu.

Redio ya FM. Hili wengi hawalijui. Katika simu zenye redio ya FM, waya wa iafoni ndio unaotumika kama antena. Hedifoni za Bluetooth hazina waya huo. Anayesikiliza FM kwa simu ili asimalize bando bado atahitaji iafoni za waya kuichomeka, hata awe na hedifoni za bei gani.

Betri ndiyo umri wake

Hedifoni za waya hudumu miaka mingi. Zisizo na waya huishi muda ambao betri inaishi. Betri ya lithiamu kwa kawaida hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500.

Hapa hesabu inasaidia. Chukua hedifoni kubwa zenye saa 30 kwa chaji moja, kama WH-1000XM4 au XM5. Ukisikiliza saa 3 kwa siku, utachaji mara moja kila siku 10, yaani mara 37 hivi kwa mwaka. Miaka mitano haitafikisha hata mara 200. Sasa chukua zile ndogo za sikioni zenye saa 6. Kwa saa 3 hizo hizo unamaliza nusu ya betri kila siku, yaani chaji kamili 180 hivi kwa mwaka. Katika mwaka wa tatu zitakuwa zimepita mara 400. Na nyingi kati ya hizo ndogo zimegundishwa kwa gundi, hivyo fundi hana pa kuanzia.

Betri huchoka pia kwa umri na kwa joto. Usiziache ndani ya gari juani, na ukiziweka kabatini kwa muda mrefu ziache na nusu chaji.

Kabla siku zako hazijaisha, tafuta majibu ya maswali mawili: je, sponji mpya zinauzwa, na je, betri inabadilishika? Hali inaanza kuwa bora. Kampuni ya Fairphone ilitoa Fairbuds XL mwaka 2023, ambazo mtumiaji hubadilisha betri mwenyewe. Na kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji kuanzia Februari 18, 2027. Angalia vilevile kama kuna tundu la waya wa milimita 3.5, kama lililopo kwenye XM4 na XM5. Betri ikichoka, waya huwa msaada.

Usisahau masikio yenyewe

Sababu moja nzuri ya kubaki na hedifoni ghali haihusu anasa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa 4 kwa wiki. Mwaka 2022 shirika hilo lilisema vijana zaidi ya bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa.

Ndani ya basi lenye kelele, mtu hupandisha sauti ili muziki uushinde mngurumo. Hedifoni zinazoziba vizuri na kuzima kelele huondoa haja hiyo. Fanya jaribio: angalia kiwango cha sauti kwenye simu yako unaposafiri na hedifoni za zamani, kisha na hizi mpya. Ikiwa umeshuka kutoka karibu na mwisho hadi nusu na bado unasikia kila neno, fedha yako inalinda kitu kisichouzwa dukani. Ikiwa bado unapandisha hadi mwisho, hazikufai, au hazijakukaa.

Piga hesabu ya saa

Bei ya dola 400 ni kubwa au ndogo kutegemea matumizi. Anayezivaa saa 2 kwa siku, siku 5 za wiki, kwa wiki 50 hupata saa 500 kwa mwaka. Katika miaka 3 ni saa 1,500, sawa na senti 27 za dola kwa saa. Anayezivaa saa 1 tu kwa wiki hupata saa 156 katika miaka hiyo hiyo, na kila saa inamgharimu zaidi ya dola 2.50. Hedifoni ni zilezile.

Usihesabu saa unazotarajia. Hesabu ulizozivaa kweli katika wiki ya kwanza, wakati hamu bado ni mpya. Kama hata wiki hiyo zilikaa mezani, mwezi wa sita hazitatoka kwenye boksi.

Muda wa kurudisha ukiwa umepita, fedha uliyolipa haina tena kauli katika uamuzi. Swali linakuwa: leo naweza kuziuza kwa kiasi gani, na kiasi hicho kina kazi gani nyumbani? Hedifoni zenye boksi, risiti na sponji safi hupata mnunuzi haraka zaidi, na kila toleo jipya likitoka bei ya la zamani hushuka. Risiti inasaidia pia kuondoa shaka ya bidhaa feki, ambazo ni nyingi kwa majina makubwa. Njia rahisi ya kukagua ni kuziunganisha na programu rasmi ya simu ya mtengenezaji. Ikishindwa kuzitambua, kuwa na shaka. Aliyeuziwa feki anaweza kulipeleka suala kwa Tume ya Ushindani, FCC, nchini Tanzania, au kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia nchini Kenya.

Namna ya kuamua

Siku tatu kabla ya muda wako kwisha, jibu maswali haya kwa ndiyo au hapana:

1. Nimezivaa saa mbili mfululizo bila maumivu?
2. Zinaziba vizuri pamoja na miwani, nywele au hijabu yangu?
3. Zinapunguza ile kelele hasa inayonisumbua?
4. Ninaowapigia simu wananisikia?
5. Zimekaa kwenye simu na kompyuta yangu bila kukatika?
6. Nimezitumia karibu kila siku?

Hapana katika swali la kwanza au la pili inatosha kuzirudisha, kwa sababu hakuna programu itakayolibadili umbo la hedifoni au la kichwa chako. Hapana mbili au zaidi katika yaliyobaki, zirudishe pia, utafute za bei ya chini zinazofanya kazi unayoihitaji. Kama kinachokusumbua ni sauti pekee, itumie ikwalaiza kwa siku hizo tatu kabla ya kuamua.

Na kama zote ni ndiyo, jiulize la mwisho: leo ningerudishiwa fedha yangu yote mkononi, ningetoka kwenda kuzinunua tena? Ukijibu ndiyo bila kusita, tupa karatasi ya kurudishia, tunza risiti, na uzitumie kwa amani.